Nembo ya London ilivyostahimili kejeli
Nembo ya Michezo ya Olimpiki ya London 2012 ilipozinduliwa Juni 2007, Waingereza waliikejeli bila huruma. Zaidi ya watu 48,000 walitia sahihi wakitaka iondolewe. Kilichowaudhi si rangi zake kali pekee, bali pauni 400,000 zilizolipwa bila wao kuulizwa. Waandalizi, wakiongozwa na Sebastian Coe, walikataa katakata kuibadilisha.

Tokyo, mnamo 2015, iliifuta nembo yake kufuatia madai ya wizi wa ubunifu. Hapo uaminifu ndio ulioshukiwa. London ilishutumiwa zaidi kwa ubaya wa sura, na sura huzoeleka. David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 800 Agosti 2012, Wakenya walitazama saa.