Nani ataifunza tarakilishi ngeli za Kiswahili?

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiandaa tasnifu kuhusu fasihi ya watoto. Aliketi mbele ya tarakilishi ya maktaba, akaandika neno "kitabu", akaletewa kumbukumbu chache tu. Nilimshauri aandike "vitabu". Papo hapo zikaja nyingine ambazo hazikuwamo katika jibu la kwanza. Mtambo ule haukujua kwamba maneno hayo mawili ni umoja na wingi wa kitu kimoja.

Huenda tukio hilo likachekesha, lakini uzito wake si haba. Siku hizi maktaba, magazeti, mahakama na idara za serikali huhifadhi nyaraka zao katika tarakilishi. Waraka usioweza kutafutwa ukapatikana hauna tofauti kubwa na waraka uliochomwa moto.

Kazi hii ya kutafuta hufanywa na programu maalumu. Mojawapo ya zile za msingi ni Lucene, iliyobuniwa na Doug Cutting mwaka wa 1999 na kuingia chini ya wakfu wa Apache mwaka wa 2001. Juu yake ilijengwa seva ya Solr, iliyoanzishwa na Yonik Seeley mwaka wa 2004 katika kampuni ya CNET, kisha ikakabidhiwa Apache mwaka wa 2006. Elasticsearch ya Shay Banon, iliyotolewa mwaka wa 2010, imejengwa pia juu ya Lucene. Lucene na Solr ni programu huria: yeyote aweza kuzichukua, kuzisoma na kuzirekebisha bila kulipa hata ndururu.

Wapo wadhanio kwamba cha bure hakina gharama. La hasha! Kila badiliko hupitishwa katika majaribio chungu nzima. Majaribio ya Lucene huendeshwa makusudi kwa kubahatisha mipangilio ya lugha na saa za nchi mbalimbali, ili kasoro iliyojificha ifichuke. Julai 2011, lugha ya kuandikia programu ya Java ilipotolewa katika toleo la 7, watunzaji wa Lucene na Solr ndio waliotahadharisha ulimwengu kwamba toleo hilo lina dosari. Mojawapo ilijitokeza pale Java ilipozimika ghafla ikiendesha kanuni za Martin Porter za mwaka wa 1980, zinazokata viambishi tamati vya Kiingereza. Tena, Desemba 2021, dosari ya usalama ilipogunduliwa katika Log4j, kipande cha programu kinachotumiwa pia na Solr, watunzaji walilazimika kutoa marekebisho upesi.

Basi Kiswahili ki wapi katika shughuli hii? Lucene ina kanuni za Kibaski, Kiayalandi, Kilatvia na Kikurdi cha Sorani. Wasemaji wa Kibaski ni wachache mno wakilinganishwa na wakaazi wa Nairobi. Hata hivyo, Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hakimo.

Tusikimbilie kumlaumu Mzungu. Hakuna baraza lililoketi kukibagua Kiswahili. Katika programu huria, lugha huingia pale mtu anapoandika kanuni zake, akazitungia majaribio, na akawapo wa kuzitunza. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na asiyeijua lugha. Kiingereza hubebesha mkia wa neno; Kiswahili hubebesha mkia na kichwa pia. Mathalani, mgeni akiamuru "ki-" na "vi-" zikatwe kila zionekanapo, "kitabu" kitageuka "tabu", na atafutaye habari za taabu za wananchi ataletewa orodha ya vitabu! "Kuta" je, ni wingi wa ukuta au ni kitenzi? "Jicho" na "macho" vitaunganishwa vipi? Kila swali la aina hii lapaswa kuwa jaribio ambalo programu ni sharti ilipite kabla ya kutolewa.

Hapa lawama yatuangukia sisi walimu wa isimu, nami nimo. Kwa miongo mingi tumefundisha ngeli na mofolojia, tukaandika tasnifu, kisha tukaziacha rafuni zikila vumbi. Idara za isimu na za sayansi ya tarakilishi zingeweza kushirikiana: huku orodha ya maneno na majibu yatarajiwayo, huku programu yenyewe. Wala isiwe kazi ya ufadhili wa mwaka mmoja kisha ikatelekezwa. Toleo jipya litokapo, lazima awepo mtu wa kuyaendesha majaribio tena na kurekebisha kilichoharibika.

Mtegemea cha ndugu, walinena wahenga, hufa maskini. Mlango wa programu huria uko wazi, wala haudai kiingilio. Unangoja tu mjuzi wa lugha atakayekubali kuingia, na kubaki humo.