Chuma cha Damu na Mtaalamu wa Mulago

Wengi wenu mkaao Luzira, ama katika nyumba za askari magereza ama kule chini Port Bell, hupita barabara ya Butabika bila hata kugeuza shingo. Kando ya barabara hiyo ndipo ilipo siku hizi maabara kuu ya afya ya taifa. Maabara hiyo ndiyo iliyopima matone ya damu 97,631 ya watoto wachanga na wadogo wasiozidi miezi 24, yaliyokusanywa nchi nzima mwaka 2014 na 2015. Katika kila watoto 100, wapatao 13 walikuwa wamerithi asili ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Na katika kila watoto 1,000, 7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Lakini hesabu ya namna hii haikuanza hapo. Yupo aliyeitangulia, naye ni Hermann Lehmann, tabibu na mtaalamu wa kemia ya mwili. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1910, na kwa kuwa alikuwa Myahudi, utawala wa Hitler ulimlazimu kuhamia Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la Uingereza huko India akiwa mganga. Baada ya vita aliletwa Uganda kuchunguza upungufu wa damu, na mwaka 1949, pamoja na Alan Raper wa Mulago, akatoa makala fupi juu ya selimundu katika makabila ya Uganda. Miongoni mwa Baamba, walioko chini ya milima ya Ruwenzori, wenye asili hiyo walikaribia 45 katika kila watu 100. Katika baadhi ya makabila mengine walikuwa haba mno.

Hapana budi tueleze kidogo kemia yenyewe. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 au 4 tu za chuma, uzito wa msumari mmoja mdogo, na sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika himoglobini, ile protini iipayo damu wekundu wake. Kila himoglobini ina vituo 4 vya chuma. Huko mapafuni hushika oksijeni, na mwilini huiachilia. Katika selimundu chuma ni kile kile, hakina kasoro. Kilichobadilika ni sehemu ndogo sana ya protini inayokizunguka, hata himoglobini ikishaachilia oksijeni hushikamana, chembe ya damu ikapinda kama mundu na kuziba mishipa. Ndiyo maana ya yale maumivu makali ya mifupa.

Kwa nini asili yenye madhara kama haya isitoweke? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza habari za watoto 290 wa Kiganda kutoka sehemu zilizouzunguka mji wa Kampala. Miongoni mwa 43 wenye asili ya selimundu, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Miongoni mwa 247 wasio nayo, 113. Asili ya mzazi mmoja ilikuwa ngao.

Wataalamu hupimana kwa idadi ya mara ambazo makala ya mtu imetajwa na wenzake. Tangu mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha fahirisi kubwa ya hesabu hizo. Kwa kipimo hicho kazi ya Allison ni miongoni mwa zinazotajwa sana, na Lehmann naye, aliyepata uprofesa Cambridge na kuandika pamoja na Max Perutz mwaka 1968, hakuachwa nyuma. Mimi kipimo hiki nakiamini nusu tu. Makala huweza kutajwa ili ipingwe, na wale akina mama waliowapeleka watoto wao wakachomwe vidole hawamo katika fahirisi yoyote.

Sasa turudi nyumbani. Akina mama na akina baba, mtoto mwenye selimundu hupungukiwa damu kwa sababu chembe zake huvunjika upesi, wala si kwa kukosa chuma. Kwa hiyo msimnunulie dawa ya chuma dukani kwa kuona macho yake meupe, apimwe kwanza. Akiongezewa damu mara nyingi, chuma humzidi hata kikamdhuru. Tena vijana wanaoposana wapimwe mapema: wawili wenye asili hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kumzaa mtoto mgonjwa. Askari aliyehamishwa akakuta mchumba katika wilaya nyingine asidhani kwamba umbali wa makabila unamkinga.

Dawa iitwayo hidroksiyurea hupunguza maumivu hayo. Zamani palikuwa na hofu kwamba huenda ikazidisha malaria kwa watoto wetu; ikajaribiwa Mulago kwa watoto zaidi ya 200, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha kwamba malaria haikuongezeka.