Tafiti Zilizobaki Kabatini Nazo Zihesabiwe

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sisi walimu wa lugha tumezoea kutamba kwamba mtu ajuaye lugha mbili au tatu huyatawala mawazo yake vyema kuliko wa lugha moja, na kwamba tafiti zimethibitisha hivyo. Je, zile ambazo hazikuthibitisha ziko wapi?

Mwaka wa 2015, Angela de Bruin na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia mihtasari 104 iliyowasilishwa katika makongamano kati ya 1999 na 2012. Miongoni mwa tafiti zilizounga mkono dai hilo kikamilifu, asilimia 68 zilifika majaridani. Miongoni mwa zilizolipinga, ni asilimia 29 tu.

Hatari huzuka mtaalamu anapofanya uchanganuzi jumuishi, yaani anapokusanya tafiti nyingi na kupima matokeo yake kwa pamoja. Akikusanya zilizochapishwa pekee, hujumlisha na upendeleo wake. Ndiposa Matthias Egger na wenzake walipendekeza kipimo maalumu mwaka wa 1997. Matokeo ya tafiti kubwa hukaribiana. Ya tafiti ndogo hutawanyika pande zote mbili za wastani. Yakichorwa pamoja, hufanya umbo la faneli iliyopinduliwa. Upande mmoja wa chini ukiwa mtupu, shaka huingia, na kipimo hicho hukadiria iwapo upogo huo unazidi wa kibahati. Hata hivyo, kipimo si hakimu. Tafiti zisipofika kumi hakitegemeki, na huenda upogo ukaletwa na sababu nyingine, kwa mfano tofauti za washiriki.

Mwaka wa 2018, Minna Lehtonen na wenzake walichanganua tafiti 152 kuhusu watu wazima. Faida ndogo iliyojitokeza ilitoweka baada ya upendeleo kurekebishwa.

Basi tusikitetee Kiswahili kwa hoja inayoyumba. Lugha inayomwezesha Mturkana kuelewana na Mdigo haihitaji kuazima sifa. Nasi wahadhiri tusimvunje moyo mwanafunzi ambaye tasnifu yake imehitimisha kwamba hakuona tofauti yoyote. Hilo nalo ni jibu. Tukilifungia kabatini, atakayemfuata atajenga juu ya mchanga, naye mwalimu darasani atafundisha kwa imani kile ambacho hakikuthibitishwa.