Namba ya simu ya mkimbizi isiuzwe kwa mtu mwingine

Vita inapofika, watu wanakimbia na kile mkono unaweza kubeba. Godoro likibaki njiani, siku moja litanunuliwa lingine. Simu yenyewe ikiibwa, kuna zilizotumika sokoni kwa bei ya kupatana. Namba ya simu ndiyo inasumbua. Kwa familia nyingi za wakimbizi wa ndani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, namba ndiyo anwani pekee iliyobaki. Na namba hiyo kampuni ya simu inaweza kuifunga na kuiuza kwa mtu mwingine, mwenyewe akiwa bado njiani ao kambini. Jambo hilo linapaswa kusimamishwa, na mwenye uwezo wa kulisimamisha anajulikana: ni ARPTC, mamlaka ya Serikali inayosimamia posta na mawasiliano ya simu.

Toka mwanzo wa mwaka 2025 thamani ya namba imepanda sana. Benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza, feza zilihamia kwenye simu. Mwalimu, muuza makala, mama wa sambaza, wote wanatumia Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money, na kabine za kando ya barabara zikafanya kazi ya benki. Mashirika ya kiutu nayo, yanapogawa feza mahali pa unga na mafuta, mara nyingi yanazituma kwenye simu. Jina linaandikwa kwenye orodha, na pembeni ya jina inaandikwa namba. Siku ya msaada, feza hazimtafuti mtu kwenye hema lake. Zinafuata namba ile.

Kuna pia ndugu. Familia iliyotoka Masisi inaweza kuwa na baba huko Minova, watoto wawili kwa shangazi yao Goma, na kijana mkubwa Kampala anayetuma kidogo kila mwezi. Leo wanahama, kesho wanahama tena, na hakuna anayejua kwa hakika mwenzake amelala wapi. Wanachojua ni namba. Ikikatika, familia inakatika nayo.

Namba inakufaje? Mara nyingi inakufa kwa ukimya. Simu inaangukia mtoni, ao inanyang'anywa kwenye kizuizi, ao mtu anakaa miezi katika kijiji ambako mnara wa simu umeharibika. Kampuni haioni vita. Mashine yake inaona kadi ya SIM ambayo haikupiga, haikupokea na haikuwekwa inite kwa miezi kadhaa. Kwa kanuni ya biashara, kadi ya namna hiyo inafungwa na namba inarudishwa sokoni. Kisha mama anapiga namba ya mume wake na kujibiwa na kijana wa Kananga asiyejua lolote. Kijana huyo hana kosa, amenunua kadi yake vizuri. Lakini ujumbe wa shirika la msaada utafika kwake. Hata msimbo wa kufungua WhatsApp utafika kwake, kwa sababu WhatsApp inamtambua mtu kwa namba tu.

Wazee wanasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mkimbizi hakuchelewa kwa uvivu. Alicheleweshwa na risasi.

Namba ambayo bado haijapewa mtu mwingine inaweza kurudishwa kwenye kadi mpya. Hapo mlango wa pili unafungwa, kwa kuwa kampuni inaomba kitambulisho. Katika inchi yetu, kwa miaka mingi, kadi ya kura ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho. Kila mtu anajua hali ya kadi zilizotolewa na CENI mwaka 2023: kwa wengi wino umefifia, picha imekuwa kivuli, jina halisomeki. Na hao ni wale waliopata kadi. Tarehe 20 desemba 2023, Congo ilipokuwa inapiga kura, uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Ni wilaya hizo hizo zilijaza kambi. Kuhusu kitambulisho cha taifa, cha kwanza kilikabidhiwa kwa Rais Félix Tshisekedi mwezi wa sita 2023, kwa sherehe, lakini mwanainchi wa kawaida bado hana chake mfukoni. Kwa hiyo mkimbizi anaombwa karatasi ambayo Serikali yenyewe haikumpa, ao ilimpa ikafutika.

Shida nyingine ni jina lililo nyuma ya namba. Sheria inataka kila kadi ya SIM iandikishwe kwa jina la mwenye kuitumia. Njiani mambo ni tofauti. Kadi nyingi zinauzwa chini ya mwavuli zikiwa zimekwisha kuandikishwa kwa jina la muuzaji ao la mtu asiyejulikana. Mnunuzi anafurahi kwa kuwa hakupoteza muda, na miaka mitano anaamini namba ni yake. Siku kadi inapopotea, mashine inatoa jina lingine. Wanawake wanaumia zaidi hapo, kwani mara nyingi kadi ya mke imeandikishwa kwa jina la mume. Mume akiuawa ao akipotea, mjane anabaki na feza ndani ya simu ambazo anaziona kwa macho na hawezi kuzitoa. Anaambiwa alete hati ya kifo. Hati hiyo angeitoa wapi, kama ofisi ya hali ya raia ya kijiji chake haifanyi kazi tena?

Makampuni yana jibu lao, na si jibu la kudharau. Yanasema kwamba kama kila anayelia akirudishiwa namba bila kitambulisho, wezi watakuja kulia pia. Ni kweli. Goma na Bukavu kila mtu amekwisha kupigiwa simu na mjanja anayesema ametuma feza kwa makosa na kuomba zirudishwe. Mwizi akipata namba ya mtu, anapata na akiba yake. Kulegeza masharti ovyo kungefungua duka la wizi.

Hata hivyo kampuni inajua mengi kuhusu mteja wake kuliko kadi ya kura inavyojua. Inajua namba tano anazopigia kila wakati. Inajua mara ya mwisho alituma feza kiasi gani na kwa nani, aliweka inite wapi, na alibaki na salio la kiasi gani. Namba ya siri iko kichwani mwa mwenyewe, na mwizi wa njiani hana. Mtu akijibu maswali hayo sawasawa, na rais wa kambi ao shefu wa kijiji akashuhudia uso na jina lake, kuna hakika zaidi kuliko ile ya kadi iliyofutika. Kwa usalama, namba ingerudishwa kwanza kwa kupiga na kupokea, na feza zifunguliwe baada ya siku chache, ili mwenye namba halisi, kama yupo, apate wakati wa kulalamika.

Sababu nyingine inayotolewa ni uhaba: namba zina mwisho, haziwezi kulala bure. Hesabu inasaidia hapa. Namba za Congo zina tarakimu tisa nyuma ya 243, na kila mwanzo wa namba, kama 081 ao 097, una nafasi ya namba milioni 10. Kuziacha namba za watu wa wilaya chache za vita zipumzike mwaka mmoja ao miwili hakuwezi kuivunja kampuni. Na mpango wa namba za inchi si shamba la kampuni, unasimamiwa na ARPTC kwa niaba ya wote. Anayegawa shamba anaweza kuweka masharti ya kulima.

Kuna watakaosema Kinshasa haisikii. Wakumbuke RAM. Mwaka 2020 ARPTC ilianzisha rejista hiyo ya simu za mkononi, na mwenye simu ya intaneti akawa anakatwa inite kidogo kidogo, hadi dola 7 kwa mwaka. Walieleza kwamba ni kwa kupambana na simu za bandia na za wizi. Raia waliuliza ni simu ngapi zilizoibwa zimerudi kwa wenyewe. Vijana wa LUCHA na mashirika mengine ya raia walipinga, redio zilipokea malalamiko, wabunge wakamwita waziri Augustin Kibassa Maliba ajieleze mwaka 2021. Mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Kanuni ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ilifutwa kwa kalamu, kwa sababu watu wengi walisema jambo moja kwa wakati mmoja.

Wakati wa RAM kila mwenye simu aliguswa, hata mbunge na dereva wake. Namba ya mkimbizi inamgusa mkimbizi peke yake, na ndiyo maana kelele ni ndogo. Lakini sheria iko upande wake. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2020 na Kanuni ya dijitali ya tarehe 13 machi 2023 zinazungumzia ulinzi wa mtumiaji na wa habari zake binafsi. Namba inayohamishwa na kuanza kumpelekea mgeni ujumbe wa msaada wa familia nyingine, ni habari binafsi zimetolewa nje.

ARPTC ingefanya mambo matatu bila kungoja sheria mpya. Iamuru makampuni yasiuze tena namba zilizonyamaza katika wilaya zenye vita kabla ya muda mrefu utakaowekwa wazi na kutangazwa redioni. Iweke namna moja ya kurudisha namba kwa maswali na mashahidi, bila malipo kwa mkimbizi, na kwa wajane pia. Tena iyatake makampuni kupeleka watu wao kambini na kwenye familia zinazopokea wageni, wakiandika upya kadi kwa jina la anayezitumia, mwanamke kwa jina lake. Makampuni yanajua kufika kambini na miavuli siku ya kuuza kadi. Yanaweza kufika pia siku ya kurekebisha majina.

Mashirika ya kiutu yana sehemu yao. Orodha yenye namba moja tu kwa kila familia ni orodha ya kupoteza watu. Waandike namba ya pili, ya ndugu ao jirani anayeaminika, na waseme mapema nani atapokea lalamiko la aliyebadilisha namba. Mtu asikose chakula kwa sababu simu yake iliangukia maji.

Familia zenyewe zisingoje Kinshasa. Namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi na kufungwa katika plastiki, zisibaki ndani ya simu tu. Kadi isiyotumika sana ipigwe angalau mara moja kwa mwezi na kuwekwa inite kidogo, ili isihesabiwe kuwa imekufa. Kwenye WhatsApp, upande wa mipangilio, kuna namba ya siri ya hatua mbili. Anayeiweka anamzuia mgeni kuchukua akaunti yake kwa urahisi. Na aliyenunua kadi chini ya mwavuli aulize leo, kwenye ofisi ya kampuni, imeandikwa kwa jina la nani. Kuuliza kabla ya kupotea ni rahisi kuliko kulia baada ya kupotea.

Lakini hekima ya familia haiwezi kuchukua nafasi ya kanuni. Wabunge wa Kivu wanajua njia ya kumwita waziri, kama ilivyofanyika juu ya RAM. Waulize swali moja, na walirudie hadi lijibiwe: mtu aliyefukuzwa kwake na vita, namba yake inalindwa kwa siku ngapi, na ni nani anayeilinda?