Mwanafunzi wa Uuguzi Apelekwe Zahanati Angali na Mlezi

Mwanafunzi anayehitimu Astashahada ya Uuguzi na Ukunga hutoka chuoni na kitabu kilichojaa sahihi. Kila ukurasa unataja kazi aliyoifanya mbele ya msimamizi: amechoma sindano, ametundika dripu, amesafisha kidonda, amezalisha. Kitabu hicho huhesabu ni mara ngapi. Hakielezi kama mikono iliyofanya kazi ilikuwa yake au alisimama nyuma ya wenzake saba akichungulia kitanda juu ya mabega yao. Wala hakielezi kama angeweza kuirudia kazi ileile saa tisa za usiku, akiwa peke yake, taa ya sola imefifia.

Saa tisa hiyo ndiyo inayomngoja. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo yakaongezeka, na mtu anayefungua milango yake asubuhi mara nyingi ni muuguzi wa ngazi ya cheti. Katika kata kama Keza wilayani Ngara, au katika vijiji vya Biharamulo, wagonjwa humwita "daktari" bila kuuliza kwamba katika orodha ya watumishi yeye ni Muuguzi Daraja la Pili. Hawana kosa: kwa usiku ule, daktari ni yeye. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hakuna wa kuitwa kutoka wodi ya pili. Yupo mhudumu wa afya, ipo simu, na lipo gari la wagonjwa ambalo halijaondoka hospitalini.

Kinachotakiwa wakati huo kinafundishwa darasani, tena vizuri. Uniti 10 za oksitosini huchomwa msulini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Kondo la nyuma hutolewa kwa utaratibu. Mfuko wa uzazi hukandwa hadi ukaze. Mwanafunzi hujibu hayo katika mtihani bila kusita. Lakini hospitalini dawa hiyo humfikia ikiwa tayari kwenye sinia. Zahanati, ni muuguzi mwenyewe anayepaswa kujua kwamba oksitosini huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, kwamba jokofu lililopo ni la chanjo, na kwamba mtungi wa gesi ukiisha siku ya Ijumaa dawa itakayochomwa Jumatatu huenda imepungua nguvu. Ni yeye anayejaza fomu ya kuagiza dawa kabla hazijaisha. Ni yeye anayeamua, akiitazama patografu, kwamba mstari umeanza kuegemea upande wa hatari na mama apewe rufaa sasa, si baada ya saa mbili, kwa sababu saa mbili hizo zitaliwa na barabara. Uamuzi huo haufundishiki vizuri mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko ng'ambo ya ukumbi.

Ndiyo maana inafaa kila mwanafunzi wa cheti akae zahanati au kituo cha afya kwa wiki zisizopungua nane katika mwaka wake wa mwisho, chini ya muuguzi mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, na asipewe sahihi za uzazi hadi mlezi huyo amwone akifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Wilaya ya Ngara ina hospitali zenye historia ndefu, Murgwanza ya Kanisa Anglikana na Rulenge ya Kanisa Katoliki, na Murgwanza ina chuo chake cha uuguzi. Hospitali hizo zibaki kuwa nguzo ya mafunzo. Lakini zisiwe peke yake.

Hoja kwamba mazoezi ya darasani hayavuki mlango wa wodi yenyewe si ya kubahatisha. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli, ila utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika. Hospitali hiyo haikuacha mafunzo, ilibadili namna. Mazoezi yakawa mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, mdoli na mfuko wa kupulizia hewa vikiwa karibu na chumba cha kujifungulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua. Njia hiyo ikapanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa mitano, ukiwamo Geita ambao ni jirani wa Biharamulo, na matokeo yake yaliyotoka mwaka 2025 yanahusu akina mama zaidi ya robo milioni: vifo vya watoto wachanga katika siku ya kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Kilichofanya kazi si kozi kubwa ya hotelini yenye posho na vyeti. Ni dakika chache za kila wiki, mahali pa kazi.

Jambo hili lina sura nyingine ambayo Biharamulo inaijua kuliko wilaya nyingi. Mlipuko wa Marburg ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025 na kutangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa 2 walithibitishwa kimaabara na wengine 8 walihesabiwa kuwa wenye uwezekano mkubwa. Wote 10 walifariki. Homa ya namna hiyo huanza kama malaria, na anayeipokea kwanza ni yule aliye mapokezi ya zahanati. Kuvaa mavazi ya kinga si kazi ngumu. Kuyavua ndiko kunakoambukiza, na mpangilio wa kuyavua hushikwa na mwili kwa kurudia, si kwa kusoma bango ukutani.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Wengi hawajui kama aliyewashika mkono ni mwanafunzi, na hiyo si haki. Mwanafunzi ajitambulishe, amtaje mlezi wake, na aombe ruhusa. Mgonjwa anayekataa asinuniwe wala asicheleweshewe huduma. Wanaokubali ni wengi wakiombwa kwa heshima, hasa mlezi akiwa amesimama pale pale. Kuna pia suala la lugha, ambalo mitaala huligusa kwa mbali. Mwanafunzi husoma na kufanya mtihani kwa Kiingereza, huzungumza Kiswahili na wenzake, kisha hukutana na bibi ambaye maumivu yake huyaeleza kwa Kihangaza au Kishubi. Wiki mbili hospitalini hazimlazimishi kujifunza, kwa kuwa daima yupo mtu wa kutafsiri. Wiki nane kijijini zitamfundisha angalau kuuliza maumivu yalianza lini na damu imetoka kiasi gani.

Wapo watakaosema zahanati huzalisha akina mama wachache. Ni kweli. Lakini wodi yenye wazazi wengi huwa pia na wanafunzi wengi, na uzazi mmoja aliousimamia mtu kwa mikono yake una thamani kuliko mitano aliyoitazama. Siku zisizo na uzazi ndizo za mdoli. Pingamizi lililo zito zaidi ni la mlezi: muuguzi aliye peke yake, mwenye foleni ya kliniki ya watoto tangu alfajiri, hawezi kuongezewa ualimu kwa barua tu. Saa zake za kufundisha ziandikwe katika ratiba ya kazi, apewe mafunzo ya ulezi, na halmashauri na chuo vikubaliane kwa maandishi nani anamlipa posho.

Na kuna suala la malazi, ambalo mipango mingi huliacha hadi dakika ya mwisho. Wanafunzi hawa wengi ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu, na wengi wao ni wasichana. Huwezi kumpeleka binti wa miaka kumi na tisa kijiji asichokijua, umtake aitikie mlango usiku, bila chumba chenye kufuli na maji karibu. Nyumba ya mtumishi ipo katika zahanati nyingi. Pale ambapo chumba kimoja cha nyumba hiyo hakiwezi kutengwa kwa mwanafunzi, mpango huu usianzie pale.