Tuutuze Msasa Kabla ya Mng'ao

Kuna mazoea yaliyokita mizizi katika shule zetu nyingi kila wakati wa kusahihisha kazi za mikono unapowadia. Kazi hupangwa mezani siku ya mwisho, mwalimu akapita akizitazama, na ile inayong'aa kuliko nyingine ikajizolea alama. Imetengenezwa vipi, na nani, kwa muda gani? Maswali hayo aghalabu hayaulizwi. Ninashikilia kwamba mazoea haya yanawapunja wanafunzi wetu, na hoja yangu nitaijenga juu ya fani ambayo huenda wasomaji wengi hawajaitilia maanani: upakaji wa rangi ya metali kwenye ndege za mfano.

Ndege za mfano ni nakala ndogo za ndege halisi, aghalabu za plastiki, zinazoundwa kwa vipimo maalumu kama vile 1/72 au 1/48. Miongoni mwa zile zinazopendwa sana na wenye uraibu huu ni P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Kuanzia mapema mwaka 1944, ndege nyingi za Marekani zilipelekwa vitani bila rangi ya kujificha. Rangi ilikuwa ikiongeza uzito na kuchelewesha kazi viwandani, na kufikia wakati huo haja ya kujificha ilikuwa imepungua. Ndipo Mustang zikaonekana angani mabati yao yakimetameta. Anayeunda nakala yake leo hana budi kuifanya plastiki ionekane kama aluminiamu, na hapo ndipo mtihani ulipo.

Rangi ya kawaida isiyong'aa, kama ile ya kijani kibichi ya ndege za kujificha, ni mpole kwa mzembe. Hufunika kiungo kilichopinda kidogo na kuficha michirizi ya msasa. Rangi ya metali haina upole huo. Kila mkwaruzo, kila chembe ya vumbi na kila alama ya kidole iliyo chini yake hujitokeza, tena kwa kukuzwa na nuru. Na tufanye hesabu kidogo. Mabawa ya Mustang, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 11.28. Katika kipimo cha 1/72 urefu huo unakuwa kama sentimita 15.7, nao unatosha kiganjani mwa mtu mzima. Mkwaruzo wenye upana wa milimita 0.1, ambao haupishani sana na unene wa unywele, kwenye ndege halisi ungekuwa ufa wa milimita 7.2. Hakuna rubani ambaye angekubali kupanda ndege yenye ufa kama huo kila mahali.

Kwa sababu hiyo, fundi wa fani hii haanzi na rangi. Huanza kwa kuosha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta yaliyobaki kiwandani. Akishagundisha viungo, huviziba kwa filla na kuvisugua kwa msasa uliolowa maji, akianzia namba 400, akapanda hadi 600, 1000, na hata 2000. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo iliyoachwa na namba iliyotangulia, na anayeruka namba moja hubakiwa na mikwaruzo ambayo msasa laini hautaweza kuifikia. Kisha hupaka praima na kuukagua uso upya chini ya taa, maana praima hufichua kasoro ambazo plastiki ilizificha. Penye kasoro, kazi hurudi nyuma. Baada ya hapo hupulizia rangi nyeusi ing'aayo na kuiacha ikauke kabisa, kwa enameli hata siku kadhaa. Weusi huo ukiwa laini kama kioo, ndipo hupulizia rangi ya metali kwa tabaka nyembamba mno na kwa shinikizo dogo la hewa. Hatua hii ya mwisho, ambayo mtazamaji huidhania kuwa ndiyo kazi yote, yaweza kuchukua dakika chache tu.

Mwanafunzi atauliza, kwa nini weusi? Jibu limo katika somo la sayansi. Rangi ya metali ni laka iliyochanganywa na vipande vidogo mno vya aluminiamu, mfano wa magamba ya samaki. Magamba hayo yakiangukia uso laini, hulala kifudifudi yote pamoja, na miali ya nuru huakisiwa kwa mwelekeo mmoja kama inavyoakisiwa na kioo. Yakiangukia uso wenye mikwaruzo, kila moja hutazama upande wake, miali ikatawanyika, na badala ya metali jicho likaona rangi ya kijivu tu. Isitoshe, tabaka lenyewe ni jembamba hata kinachokaa chini yake huchangia kinachoonekana juu. Weusi humeza nuru inayopenya katikati ya magamba, na kwa hiyo mng'ao ukapata kina. Mwalimu wa fizikia anayefundisha uakisi angepata hapa kielelezo bora kuliko michoro mingi ya ubaoni: vipande viwili vya plastiki, kimoja kimepigwa msasa vizuri na kingine ovyo, vyote vikapuliziwa rangi kutoka mkebe mmoja.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Rangi ni ile ile, mkebe ni ule ule, na mkono waweza kuwa ule ule. Kinachotofautisha kazi mbili ni saa nyingi zilizotangulia, saa ambazo hakuna aliyezitazama wala kuzipa alama. Mwalimu anayesubiri siku ya mwisho huwa anasahihisha dakika chache na kupuuza siku nyingi. Mwanafunzi naye si mjinga. Akishatambua kwamba kinachotazamwa ni mng'ao pekee, atautafuta kwa njia iliyo fupi: atanunua kazi iliyokwisha kutengenezwa, au atamwachia mzazi aikeshee. Tangu mtaala wa umilisi uanze, malalamiko ya wazazi wanaofanya kazi za watoto wao yamesikika mara nyingi. Wengi huwalaumu wazazi hao. Mimi naulaumu zaidi usahihishaji unaowapa sababu ya kufanya hivyo.

Kuna jambo la pili ambalo fani hii inatufunza, nalo ni uaminifu. Waundaji wengi huipaka Mustang nzima rangi ya metali tupu, kichwa hadi mkia, wakadhani wamepatia. Ukweli ni kwamba mabawa yake hayakuachwa mabati matupu. Mabawa hayo yalibuniwa ili hewa ipite juu yake kwa utulivu, na ribiti au mwanya wowote ungevuruga mkondo huo. Kwa hiyo kiwandani nyufa na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa zilizibwa kwa filla, zikasuguliwa hata zikawa laini, kisha bawa likapakwa rangi ya fedha. Kiwiliwili ndicho kilichoachwa mabati wazi. Nakala iliyo ya kweli, basi, huwa na mng'ao wa aina mbili: wa mabati kwenye kiwiliwili, na wa rangi, uliopoa kidogo, kwenye mabawa. Aidha, ndege nyingi tunazoziona katika maonyesho siku hizi zimesuguliwa zikang'aa kuliko zilivyokuwa vitani, ambako vumbi, mafuta na moshi havikuzipa nafasi ya kuwa vioo. Mwanafunzi anayeyajua haya ameyapata kwa kusoma na kuchunguza picha za zamani. Nakala yake huenda isimetemete kama ya jirani yake, lakini ndiyo iliyo sahihi. Je, meza zetu za usahihishaji zina nafasi ya kumpa haki yake?

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kwamba ndege za mfano ni michezo ya matajiri, kwamba vifaa vyake huagizwa ng'ambo, na kwamba shule ambayo haina madawati ya kutosha haiwezi kununua kompresa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linakosea shabaha. Sidai kwamba kila shule inunue Mustang ya plastiki. Kanuni ninayoisema haihitaji plastiki. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari na ndege kwa waya, mikebe na vipande vya mbao tangu jadi. Ndege iliyochongwa kwa mti laini, nyuzi zake zikazibwa na uso wake ukapigwa msasa ipasavyo, hupokea rangi ya fedha ya mkebe wa kawaida kwa adabu ile ile. Na walimu wa fani hii tunao tele. Fundi wa jua kali anayenyoosha na kupaka rangi magari anajua filla, anajua praima, na anajua kwamba gari lililopigwa msasa kwa pupa litamwaibisha mara tu jua litakapoliwakia. Shule ingemwalika asubuhi moja, wanafunzi wangejifunza mengi.

Hata lugha yetu inashuhudia kwamba maarifa haya si mageni kwetu. Msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti, na majani yake yenye kukwaruza yametumiwa na mafundi kulainishia mbao. Kutokana na kazi hiyo tukapata usemi wa kuipiga msasa insha. Mwalimu wa Kiswahili humwambia mwanafunzi aipige msasa insha yake, huku akisahihisha nakala ya mwisho pekee na kutoitisha rasimu hata moja. Kosa ni lile lile, liwe katika insha au katika bawa la ndege.

Napendekeza, kwa hiyo, tubadilishe mahali pa kuweka alama. Kazi ya mikono ikaguliwe angalau mara tatu: ikiwa imeunganishwa na kusuguliwa lakini bado haina rangi, ikiwa imepakwa rangi ya msingi, na ikiwa imekamilika. Hatua mbili za kwanza zibebe alama nyingi kuliko ya tatu. Mwanafunzi awe na daftari la kuandika alichofanya kila siku, alipokosea, na jinsi alivyorekebisha. Kazi yenyewe ifanyiwe shuleni, mbele ya mwalimu, wala isipelekwe nyumbani kukamilishwa usiku. Na penye laka na thina, pawe na madirisha wazi na vitambaa vya kuziba pua vinavyofaa, pasiwe na moto karibu, kwa kuwa mvuke wake hudhuru mapafu na kushika moto upesi. Hili la mwisho si jambo la kufanyiwa mzaha mbele ya watoto.

Natambua kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani ataona mzigo unaongezwa juu ya mzigo. Lakini ukaguzi wa hatua ya kwanza hauhitaji dakika nyingi. Kipande hushikwa kikainamishwa chini ya nuru ya dirisha, kidole kikapitishwa juu ya kiungo, na ukweli ukajulikana papo hapo. Kinachohitajika zaidi ni kubadilisha nia: kukubali kwamba mwanafunzi aliyerudia kiungo kimoja mara nne, na ambaye kazi yake bado haina rangi, huenda amejifunza zaidi ya yule ambaye kazi yake tayari inamulika ukumbi.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wanafunzi wetu watatoka shuleni wawe mafundi, wahandisi, wauguzi na walimu, na kazi zao nyingi zitakuwa za aina ambayo umma hauwezi kuona kilicho chini ya rangi. Atakayepanda daraja au ndege waliyoitengeneza hatakuwa na msasa mkononi wa kuikagua. Atategemea mazoea waliyoyapata walipokuwa wadogo, na mazoea hayo hufuata alama zinakowekwa.