Skana ya Leza Haijaiokoa David

Hoja inayochapishwa mara kwa mara, kwamba urithi uliopimwa kwa skana ya leza umekwisha kuokolewa, inapingwa na mradi ule ule unaotajwa kuitetea. Watafiti walioongozwa na Marc Levoy wa Chuo Kikuu cha Stanford waliipima David, sanamu ya Michelangelo iliyoko Florence, mwaka 1999, wakapata modeli ya vipimo vitatu, yaani umbo la kihesabu linaloundwa kwa vipande bapa vidogo mno, ambavyo jumla yake ilifika takribani bilioni 2. Pamoja na wingi huo, mwali wa leza haukufika katika baadhi ya mikunjo, ukaacha matundu, na marumaru, ambayo huuruhusu mwanga upenye na kutawanyika ndani kabla ya kutoka, ilitia dosari katika vipimo. Tabia hiyo ya mwanga (na hapa sayansi ilinufaika kuliko hifadhi) Levoy na wenzake waliitungia kanuni mwaka 2001. Modeli huonyesha umbo la siku ya kupimwa tu. Nyufa za vifundo vya miguu ya David zimo katika jiwe, na hakuna faili inayoziziba.